Muitaji, zimwi letu la dadu kule mashamba ya Namawala: arudishwe, lakini na sharti lake

Wakuu, habari za jioni.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia. Uongo sitawaletea. Aliyekufa kwenye habari hii alikuwa rafiki yangu, na sitaki kumwongezea wala kumpunguzia.

Juzi kijana mmoja humu alifungua uzi akauliza: mazimwi gani ya ile michezo ya dadu na karatasi yamesahaulika na yanastahili kurudishwa? Nikasoma komenti zote. Vijana wa Dar, vijana wa Arusha, kila mmoja anataja dude lake kwa Kiingereza, wanabishana, wanachekana.

Nikaweka simu chini, nikatoka nje kidogo.

La kwetu halikutajwa. Lingetajwa na nani? Tuliolijua tulikuwa wanne. Mmoja yuko kaburini na wawili wamenyamaza.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mnakaa pamoja, mmoja anasimulia hadithi, wengine mnakuwa watu wa ndani ya ile hadithi. Mkikutana na zimwi, unarusha dadu. Dadu ndiyo inasema umepona au umeliwa. Basi.

Sisi ulitufikia hivi. Miaka ya tisini, mwenzetu mmoja, Lukasi, alikuwa anafagia na kufua kwa mzungu mmoja wa mambo ya mbu pale Ifakara. Mzungu alipoondoka akamwachia viatu, chandarua, na kitabu kikubwa cha picha za mazimwi. Na dadu moja ya ajabu, ina nyuso ishirini, ya bluu kama chupa ya dawa.

Akaja navyo kwetu Namawala. Kiingereza Lukasi hakukijua. Akawa anaangalia picha, halafu anatunga jina na sheria zake mwenyewe, anaziandika kwenye karatasi.

Hapo ndipo nataka mnielewe. Picha zilikuwa za mzungu. Mazimwi yalikuwa ya Lukasi.

Kulikuwa na Bibi Gunia. Unamkuta njiani amelala kama gunia la mpunga lililoanguka kwenye trekta. Ukisema leo nimepata bahati, ukambeba, hashuki tena mgongoni.

Kulikuwa na Mvuta Moshi. Anakaa juu ya paa anakunywa moshi wa jikoni, na moto unalala. Hata ukoke magogo, ugali hauivi. Mwenzetu Gasto, mpenda kula, ndiye alimwogopa kuliko wote, kwa ajili ya lile tumbo lake.

Na kulikuwa na Muitaji.

Muitaji kwenye picha alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, hana macho, uso mzima midomo. Lukasi akasema huyu anachukua sauti ya mtu unayemjua. Anakuita jina lako. Ukiitika kabla ya kurusha dadu, umeliwa.

Na aliyeliwa kwetu alikuwa na adhabu ya kweli. Analinda mpunga usiliwe na ndege, peke yake, mpaka jua lizame, wenzake wamelala.

Watu wa Kilombero hapa sihitaji kueleza sana. Mpunga ukianza kutoa masuke mnahamia shamba, mnajenga dungu, mnakaa juu yake na madebe na makombeo. Kwelea wakishuka asubuhi moja tu hamjawafukuza, mwaka huo mnakula maembe. Sisi tulikuwa kwenye dungu la baba yake Deo: mimi, Lukasi, Deo mwenyewe na Gasto. Vijana wa kuanza kuota ndevu. Mchana jua likikaza ndege wanatulia, ndipo tunatandika mkeka na kutoa dadu.

Lukasi alikuwa na kipaji cha sauti. Anashuka kimya kimya, anajificha kwenye matete, unasikia baba yake Deo anaita: "Deo! Wewe Deo! Ndege wanamaliza shamba!" Deo anaruka, "Naam baba!" Wote tunaanguka kwa kicheko. Kaliwa.

Deo alikuwa anachukia sana kuliwa. Kumbukeni hilo.

Baadaye tukalalamika. Tukamwambia Lukasi huyu zimwi haponeki, mtu atajuaje kama anaitwa na binadamu? Lukasi akafikiri, akasema sawa, Muitaji ana kasoro moja. Ana kiburi. Anajiona mkubwa kuliko kila kiumbe, kwa hiyo hawezi kumwamkia mtu. Neno shikamoo likimpita mdomoni anapasuka. Ukisikia sauti inasema shikamoo, huyo ni binadamu, nenda.

Wote wanne tulikubali sheria hiyo. Deo alikuwepo. Gasto alikuwepo. Naandika majina yao na siogopi.

Mwaka ule maji yalichelewa kushuka. Kati ya dungu letu na kijiji palikuwa na mkono wa mto ambao miaka mingine unavuka umekunja suruali. Mimi na Lukasi tulitumwa kijijini kuchukua unga na chumvi. Tukarudi na mtumbwi, mimi nashika upondo, yeye amepakata unga.

Katikati ya maji gogo likaja upande wa Lukasi. Tukapinduka.

Mimi niliogelea kwa shida nikashika matete. Lukasi alikuwa mtu wa mjini, kuogelea hajui, lakini alitokea karibu yangu nikamdaka mkono. Nikasema Mungu mkubwa. Kumvuta, haji. Mguu wake ulikuwa umenaswa kwenye nyavu kuukuu iliyokwama kwenye kisiki chini. Kila nikivuta inakaza.

Mkono mmoja matete, mkono mwingine Lukasi. Kichwa chake kiko juu, lakini maji yanamvuta. Kilichohitajika ni panga tu na mtu wa kulileta. Na panga lilikuwa juu ya dungu, na dungu tunaliona, paa lake la nyasi lile pale, kama toka goli mpaka goli.

Nikaita. "Deo! Gasto! Njooni na panga! Tunakufa huku!"

Tukasikia kicheko.

"Rusha dadu kwanza!" Hiyo ni sauti ya Gasto.

Nikaita tena mpaka koo likauma. Deo akajibu kwa madaha, "Muitaji wa leo ana sauti mbili! Kaleta na mdogo wake!"

Lukasi akanitazama. Wakuu, alicheka kidogo. Midomo imeshaanza kuwa ya bluu, akasema, "Nimewafundisha vizuri mno." Halafu akasema, "Tuwaamkie."

Tukaamkia. Wavulana wawili ndani ya maji, tunawapigia kelele watu wa umri wetu: "Shikamoo! Shikamoo Deo! Shikamooni!"

Kicheko kikakatika. Nikajua wanashuka.

Halafu Deo: "Ehee! Muitaji kaokoka! Siku hizi ana adabu!"

Wakacheka tena.

Deo aliwahi kuniambia miaka mingi baadaye kwamba alisahau ile sheria. Hakusahau. Siku tatu mfululizo alikuwa ameliwa yeye, na alisema akiliwa tena Gasto atamtangaza kijiji kizima. Aliogopa kuchekwa. Lukasi alikufa kwa sababu Deo aliogopa kuchekwa, na Gasto alimfuata Deo kama alivyomfuata kwa kila kitu.

Tuliendelea kuamkia. Sauti yangu ilikwisha, ikabaki ya Lukasi.

Ndipo upande wa pili kabisa wa maji, sio wa dungu, ikaja sauti nzito, ya taratibu:

"Marahabaaa!"

Alikuwa Mzee Masunga. Msukuma, amehamia na ng'ombe wake muda si mrefu. Kwetu walikuwa hawapendwi, ng'ombe wanaingia mpunga, maneno hayaishi. Alisimama na fimbo yake anatafuta nani kamwamkia. Alipotuona hakuuliza kitu. Akaswaga dume moja kubwa la ng'ombe ndani ya maji, akashika mkia, akaja nalo. Kuogelea na yeye hakujua. Ng'ombe ndiye alijua.

Nilimwambia Lukasi, "Anakuja, shika." Lukasi akaniangalia kama mtu mwenye usingizi. Vidole vyake vikafunguka.

Sikumwachia, wakuu. Yeye ndiye aliyeniachia. Kiganja changu cha kushoto kina alama za yale matete mpaka leo.

Mzee Masunga aliingiza kichwa chini, akakata nyavu kwa kisu, akatutoa wote wawili. Akamlaza Lukasi kifudifudi, akambana mgongo maji yamtoke, akawa anamwambia, "Mwanangu, umeniamkia, nimeitika. Na wewe itika." Hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. Kwa muda mrefu sana.

Hakuitika.

Baadaye nilimuuliza mzee aligeukaje, maana alikuwa mbali. Akasema, "Tangu nifike kwenu hakuna kijana aliyeniamkia. Siku ile nikasikia naamkiwa. Ningeachaje kugeuka?"

Sasa sikilizeni mambo ya kwetu.

Matanga hayajaisha, baba yake Deo akasimama mbele za watu akasema ng'ombe wa Msukuma ndio waliotibua maji mtumbwi ukapinduka. Nikasimama nikasema sio kweli, yeye ndiye pekee aliyekuja. Wakaniambia, "Kaa chini, umechanganyikiwa na msiba." Nikamtazama Deo. Anachora chini kwa kijiti. Nikamtazama Gasto. Gasto anamtazama Deo.

Mzee Masunga alihamishwa mwezi ule ule. Aliondoka na ng'ombe wake bila kubishana na mtu. Nilimsindikiza mpaka alipoanza kuniambia rudi.

Kitabu alikichoma katekista wetu, Pius. Alisema ni cha shetani na ndicho kilichomuua kijana. Bibi Gunia aliungua, Mvuta Moshi aliungua, karatasi zote alizoandika Lukasi kwa mkono wake ziliungua. Dadu ya bluu ilichelewa. Iliyeyuka polepole ikanuka vibaya, watu wakasema mnaona, huyo ndiye shetani anatoka.

Plastiki tu ile.

Mama yake Lukasi alikuwepo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kubaki na karatasi hata moja yenye mwandiko wa mwanawe.

Leo Deo ana mashine ya kukoboa mpunga Ifakara, na Gasto ndiye mpima mizani wake, bado anafuata. Watoto wa Deo wakinikuta njiani wananiamkia. Nawaitikia vizuri kabisa. Wao hawana kosa.

Funzo langu ni dogo. Mtu akikuita, nenda. Kama ni utani, utachekwa siku moja na itapita. Mimi nimeona bei ya kutotaka kuchekwa.

Na vijana wa uzi ule wa mazimwi, nawaomba mumchukue Muitaji. Mwekeni kwenye michezo yenu hata kesho, maana hiyo ndiyo karatasi pekee ya Lukasi ambayo Pius hakuweza kuichoma. Hana macho, midomo mingi, maji ya kifua, sauti ya mtu unayempenda. Lakini sharti lake msilikate: hawezi kuamkia. Ikisikika shikamoo, ya yeyote, kutoka popote, dadu chini, mchezo umesimama, mnaondoka wote na panga.

Karibuni mseme lenu. Mwenye kunitukana na anitukane, mwenye kumjua Mzee Masunga au wanawe walielekea wapi aniandikie, namtafuta mpaka leo.

Na wewe Deo, najua humu unaingia, unasoma na hujawahi kuandika neno. Siku ukiita, mimi nitaitika.