Difu ya Tambarare Kwenye Mlima wa Narung'ombe

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya Nachingwea, nyapara Saidi Mkwanda alinipa chaki akaniambia nihesabu meno. Darasa la pili sikulimaliza, lakini kuhesabu nilijua. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ndani yake lina gurudumu kubwa la meno na dogo linaloliendesha. Gawa meno ya kubwa kwa ya dogo. Ukipata saba, lori lina nguvu ya mlima ila halikimbii. Ukipata tano, tambarare linaruka, mlimani linakufa. Kila lori la dizeli lilifungwa difu ya njia yake. Hayo tuliyajua sote, na mtu tulimuua.

Nawataja. Wa kwanza Bwana Garland, mkuu wa karakana. Siku moja lori la mlima wa Narung'ombe lilivunja difu, na mbegu za karanga zimeshapakiwa. Akaamuru tung'oe difu ya lori la Naipingo, njia ya tambarare. Nikahesabu: arobaini na moja kwa manane. Tano na kidogo.

"Mlima ule hii haiupandi," nikamwambia Saidi.

"Mweleze yeye. Mdomo unao."

Nikaenda. Garland hakuinua hata kichwa. "Wewe nafunga. Hapana fikiri."

Saidi ndiye wa pili. Aliandika kwenye daftari kwamba gari ni zima.

Wa tatu ni mimi. Dereva alikuwa Severini Komba, Mngoni, mtani wangu kwa kuwa mimi Mmwera. Alikuja akipiga matairi teke.

"Mmwera, umenifungia difu au chungu cha mamako?"

Garland amesimama hatua tatu kutoka hapo. Nikasema, "Nimekufungia jeneza, mtani. Leo nakula ubwabwa wa matanga yako."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Utakula, lakini kaburi utachimba wewe."

Watani hutabiriana vifo kila asubuhi, nani angenisadiki? Nilijua hivyo wakati nasema. Nilitaka niwe nimesema, na Garland asisikie ila utani.

Garland akaniamuru nipande nami, niisikilize difu njiani. Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikazima. Breki zikashika kidogo, kisha lori likaanza kurudi nyuma na mzigo wote.

"Gogo, mtani," Komba akasema.

Gogo la kuzuia tairi lilikuwa miguuni pangu. Kazi yangu ilikuwa kuruka nalo na kulitupa nyuma ya gurudumu. Niliruka mikono mitupu. Lori likaingia korongoni naye akiwa kwenye usukani.

Msibani mtani ndiye huwachekesha wafiwa, hata kushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Ndugu wa Komba walinisubiri. Nilisimama tu. Wakasema, mwacheni, uchungu umemzidi.

Garland alihamishwa, Saidi akapandishwa cheo. Mimi niliendelea kufunga difu mpaka bega, lile nililoangukia, likakataa spana, nikaacha kazi kabla ya uzee. Vijana mnaofunga magari, dereva mwambieni maneno makavu, mkimtazama usoni, hata bwana mkubwa akiwa amesimama hapo.

Mjane wa Komba anaishi Ruangwa. Kila mavuno huniita, hunipa kiti cha mumewe, huwaambia wanawe kwamba baba yao hakufa peke yake, alikuwa na mtani wake. Nami hunawa, nikala.