Meli yenye Léonard hakupewa

Kila asubuhi, mbele ya kugusa kazi, Léonard Mumba alikuwa ananoa kisu ya randa yake, anatemea mate kwenye mukono wa kushoto, ananyoa manyoya kidogo. Kama inaanguka bila kuvuta ngozi, njo anasema: "Ehe, umeamuka," na anaanza kupiga randa. Ule mukono ulikuwa laini sawa wa mutoto. Miaka makumi mbili katika karakana ya mbao ya Élisabethville, hakuna muntu alimuuliza sababu gani. Bote balijua: mulango yenye inafungika bila kulia, iko kazi ya Léonard.

Mwaka wa 1953, kapita Pierre, mukubwa wa bafundi, alikuwa anamaliza kazi, anarudia kwabo. Patro, musungu wa karakana, alitafuta kapita mupya. Katika roho yake Léonard alikuwa amekwisha kuvaa ile kofia ya kapita. Hata muke wake Germaine alikuwa amekwisha kuchagua musumari ya kuitundika.

Kisha sanduku ikafika kutoka Bulaya. Ndani mulikuwa meli, lakini meli ya vipande-vipande: mugongo wa mbao, mbavu makumi mbili na mbili nyembamba sawa biskuti, fito ya kufunika tumbo, na karatasi ya mapicha. Patro alitaka meli isimame juu ya meza yake ya biro. Akasema mbele ya bantu bote:

"Dominique, baba yako alikuwa anatengeneza mashua kule Pweto, kwenye ziwa, hapana? Kamata. Ukimaliza muzuri, tutazungumuza mambo ya kapita."

Dominique! Muntu wa juzi, hajafikisha hata miaka mbili pale. Léonard akaangalia chini.

Clément, fundi wa meza ya pembeni, mwenye alimuita yaya sawa kaka mukubwa, akamutania: "Yaya Léonard, na weye utatengeneza nini? Sanduku ya kuzika ile meli?"

Karakana yote ikacheka. Dominique peke hakucheka, na hiyo pia ilimuumiza Léonard.

Tangu siku ile alifanya kazi na jicho moja. La pili lilikuwa kwenye mikono ya Dominique. Na ilikuwa mikono mizuri, njo ubaya wake. Dominique aliweka mbavu moja-moja juu ya mugongo, anapima na kamba, anafunga jicho, anagonga kidogo na kidole. Hakuna hata moja iliinama. Léonard alitafuta kosa sawa muntu anatafuta chawa kwenye kichwa ya mutoto wa jirani. Hakuona. Akaenda kwake, akakaa mbele ya bukari, ugali yenye Germaine alipika, akaifinya-finya bila kuitia kinywani.

"Baba Wivine," Germaine akamuambia kwa jina ya mutoto wabo, "ile meli iko ndani ya sahani? Naona unaitengeneza na bukari yangu."

"Iko muzuri," Léonard akasema. "Iko muzuri kupita."

"Sasa unalilia nini?"

Akasukuma sahani, akaenda kulala.

Ikafika siku ya fito. Dominique aliilowanisha katika mayi ya moto ipate kupindika, na akaipaka gundi ingali inatona, akaibananisha moja na ingine. Njo vile banafanyaka kule ziwani: mbao inakunywa mayi kila siku, haikauke hata mara moja. Lakini hapa ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa baridi unapasua midomo ya bantu na milango ya nyumba. Fundi wa hapa anafunga kwanza fito na kamba juu ya mbavu, anaiacha siku tatu ikauke vile imepindika, kisha njo anaweka gundi. Léonard aliona. Mwishowe aliona! Furaha ilimupanda mpaka akaogopa itaonekana usoni.

Dominique akageuka. "Yaya, mbao ya huku unaijua kunishinda. Kuya uangalie. Niko ninafanya muzuri?"

Léonard akakaribia, akapitisha kidole juu ya fito. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi: ngojea ikauke. Akalimeza.

"Iko muzuri. Endelea tu."

"Aksanti, yaya."

Ile aksanti ilimufuata siku yote sawa nzi.

Kisha siku tisa kupita, meli ikafunguka. Fito ilikauka, ikapunguka, kila moja imeachana na mwenzake. Ungeweza kuhesabu mbavu ndani sawa mbavu ya imbwa wa njaa, na tatu zilikuwa zimevunjika. Patro akazunguka meza.

"Dominique, ni nini hii?"

"Patro, ni mbao mubaya balituma. Nilimuuliza yaya Léonard, aliigusa na mukono wake, akasema iko muzuri. Kama kungekuwa kosa, yaya angeniambia."

Hakuwa anamusingizia. Aliamini vile.

Patro akageuka. "Léonard? Miaka makumi mbili, na haujue kama mbao inakauka?"

Clément akaweka nyundo chini. Léonard angesema tu "sikujua", na habari ingeishia pale. Lakini kusema hajui mbao, yeye, mbele ya Dominique! Ile neno ikakataa kutoka.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu siku ya fito. Dominique njo hakujua."

Dominique akaokota mbavu moja yenye ilivunjika.

"Basi unionyeshe, yaya. Tubomoe, tuanze tena sisi wawili."

Léonard akaangalia ile mbavu. Hata katika kusamehe, huyu muntu anamushinda. Akavua ngozi ya kazi yenye alifunga kiunoni, akaikunja. Akatoa kisu ndani ya randa, akaifunga katika kitambaa, akaitia mufukoni. Randa yenyewe akaiacha pale, na kinywa wazi.

"Yaya, unaenda wapi?" Clément akapaza sauti. "Filimbi ya kutoka haiyalia!"

Akapita kwenye mulango yenye yeye mwenyewe alitengeneza. Ikafungika nyuma yake bila kulia. Mpaka mvua ya kwanza Dominique alikuwa anapangusa vumbi kwenye meza ya Léonard, lakini mwenyewe hakurudia tena.