Boksi la Kimya

Majani tuliyoapa kutoyasemesha hata neno moja ndiyo yaliyoota marefu kuliko yote.

Sentimita kumi na nne. Mengine hayakufika tisa.

Mimi si mtu wa miujiza. Nimefundisha darasa la tano hapa Iisalmi, Ufini, kwa miaka ishirini na sita, na kila muujiza niliokutana nao darasani ulikuwa na mtu nyuma yake, aghalabu mwenye gundi vidoleni.

Basi nikamtafuta mtu huyo. Nikampata. Nilikosea.

Ilikuwa Machi, majuma matatu kabla ya Pasaka, wakati kila nyumba ya huku huotesha majani ya pambo dirishani. Dirisha langu mwaka ule lilikuwa tupu. Kaarina, mke wangu, alifariki Novemba. Watu waliponiuliza najisikiaje niliwajibu "salama," na sikuwa nadanganya. Sikuwa nasikia chochote.

Chanzo cha yote ni Aatu, aliyekuja na habari za shangazi yake: mmea ukisifiwa hunawiri, ukitukanwa hunyauka.

"Ticha, kweli kabisa! Shangazi ana video!"

"Video si ushahidi, Aatu. Tutajaribu."

Watoto wakakata maboksi matatu ya maziwa, wakayapaka rangi, wakayajaza udongo wa mfuko mmoja na mbegu za kipimo kimoja. Tukayaita Sifa, Matusi na Kimya. Dirisha moja. Vijiko viwili vya maji kila siku ya shule saa sita mchana.

Pihla Tossavainen, mtoto mwenye penseli nyingi kuliko maneno, alichonga rula ya mti katika karakana ya shule na kuitia alama kwa ncha ya msumari wa moto. Nikamkabidhi daftari.

"Andika unachokiona," nikamwambia. "Usiandike unachokidhania."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Kimya nililiwekea sheria kali. Halisemeshwi, halisemwi, na hakuna kufungua mdomo mbele yake. Watoto wa huku ukiwaamuru wanyamaze, hunyamaza kwa bidii wasiyoionesha katika hesabu. Walilipita boksi lile kwa soksi zao, wakinyata, wamebana pumzi.

Kwa yale mengine hawakubania kitu.

"Mrembo wangu, leo umependeza jamani!"

"We nawe jani gani? Hata ng'ombe wa babu yangu akikutafuna atakutema!"

"Aatu, punguza."

"Si sayansi hii, ticha?"

Siku ya kumi na moja tukapima. Sifa, nane. Matusi, nane na nusu. Kimya, kumi na nne.

"Uchawi huo," Aatu akanong'ona, akiwa mbali, kama sheria ilivyotaka.

Nikatia kidole katika udongo wa Kimya. Ulikuwa tepetepe. Mtu alikuwa akiliongezea maji.

Nikamwendea Sirkka, anayesafisha madarasa.

"Nani huingia darasani kwangu kabla ya kengele?"

"Pihla. Mama yake huingia kazini mapema, humshusha hapa saa moja na nusu." Akakamua tambara lake. "Na wewe."

Mimi nilisikia jina la kwanza tu.

Nilimwita Pihla dirishani, darasa zima likitazama. Hapo ndipo nilipoifanya kazi yangu vibaya kuliko siku nyingine yoyote.

"Umekuwa ukilimwagilia boksi hili?"

Akatikisa kichwa.

"Ni nani, basi?"

Akanitazama. Akalitazama boksi. Akaibana midomo yake.

"Anayejua akanyamaza ni sawa na aliyetenda," nikasema. Ilikuwa sentensi iliyojengeka vizuri. Kasoro yake ni kwamba haikuwa kweli.

"Mwizi wa maji!" mtu akapiga kelele nyuma. Wenzake wakadakia.

Pihla akaweka rula juu ya meza yangu, akatoka.

Kesho yake mchana ndiyo ilikuwa siku ya wazazi, na yeye ndiye angesoma matokeo. Asubuhi ile, baada ya kumshusha shuleni kama kawaida, mama yake akanipigia simu.

"Hatasoma. Na baada ya Pasaka anataka kuhamia darasa la jirani. Anasema ulimwuliza mahali asiporuhusiwa kujibu. Mimi sielewi. Wewe unaelewa, Reijo?"

"Hapana," nikasema.

Wakaja wote wawili hata hivyo, wakakaa nyuma, makoti mwilini. Nikalichukua daftari nisome kwa niaba yake. Sikuwa nimelifungua kabla.

"Siku ya kwanza," nikasoma kwa sauti. "Saa 1:40 asubuhi. Ticha ameingia. Amekunywa nusu glasi ya maji. Nusu iliyobaki amemimina katika Kimya."

Wazazi wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Siku ya pili. Saa 1:40. Vilevile."

Ya tatu, vilevile. Ya nne, vilevile. Hakuna aliyecheka tena. Mtu aliyezoea kusoma mpaka nukta ya mwisho hasimami njiani, hivyo nikaendelea.

"Siku ya kumi na mbili. Saa 1:40. Ticha amemimina nusu glasi. Amesema 'Tayari, Kaarina,' kama kila siku. Kimya limesemeshwa maneno mawili kwa siku. Jaribio limeharibika."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia kabisa.

Kwa miaka kumi na minane Kaarina alipanda majani ya Pasaka jikoni, na kazi yangu ilikuwa moja: nusu glasi kila asubuhi, kisha kumjulisha. Sikumbuki hata asubuhi moja kati ya zile kumi na mbili. Na kama ungeniapisha, ningeapa kwamba darasa lilikuwa tupu. Mtoto alikuwa ameketi humo kila siku, hatua tatu kutoka kwangu.

"Pihla," nikasema. "Mbona hukusema?"

"Uliniuliza mbele ya Kimya."

"Kweli, ticha!" Aatu akaruka. "Sheria ulitunga mwenyewe!"

"Mwizi wa maji ni mimi," nikawaambia wote. "Nilimsingizia Pihla mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi."

Pihla akafikiri. Kisha akavua koti, akaja mbele, akaichukua rula yake, akanyoosha mkono kuomba daftari.

"Kaarina ni nani? Lazima iandikwe."

"Mke wangu. Amefariki."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kulisema neno hilo nikijua ninalisema.

Akaandika, polepole, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto.

"Mwanzoni ni a mbili?"

"Mbili."

Pihla hakuhama darasa.

Wanaotaka funzo nawapa hili: ukiona kitu kimeota mahali ambapo hukupanda maneno, kabla hujamkamata mtoto, muulize aliyekuona wewe. Na usimwulize mbele ya boksi.