Fimbo ya Bwana Hamna

Mtunza stoo wa chuo chetu cha ufundi hajawahi kumnyima mtu kitu. Hana ukatili huo. Humwambia tu kwamba hamna, na mwombaji mwenyewe huondoka akiona haya kwa kuomba. Balbu zimepangwa nyuma yake hadi darini, fagio zimesimama pembeni kama askari wa gwaride, sabuni za mche zinanukia mpaka uwanjani. Naye, ameegemea kaunta, hukutazama kwa huruma ya daktari na kukupa habari. Hamna. Ndiyo maana wakubwa kwa wadogo humwita Bwana Hamna, na huitika.

Njia ya kupata kitu kwake ni moja: lete cha zamani. Unataka ufagio, lete mpini wa ulioisha. Unataka balbu, lete iliyoungua. Mwalimu wa useremala, aliyeibiwa kufuli, aliambiwa alete lile lililoibwa. Alisimama pale kitambo akitafuta kasoro katika hoja hiyo, kisha akaenda zake.

Nyumbani ni yale yale. Vikombe vya arusi yake vimo kabatini, kila kimoja na kibandiko chake cha dukani, vikimsubiri mgeni anayestahili. Wakwe walishakuja, wakanywea vya plastiki. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliwahi kuuliza huyo mgeni ni nani, na kwa kuwa hakupata jibu, akaacha kuuliza.

Mtu wa namna hii, kila Jumapili alasiri, alikuwa mchawi.

Nieleze kabla hamjaita wazee. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni kinyozi, na Jumapili akishafunga saluni hugeuza chumba cha nyuma kuwa dunia nyingine. Watu huketi mezani. Kinyozi husimulia: kuna mlango, kuna giza, kuna kinachopumua ndani ya giza. Wengine, kila mmoja na mtu wake wa kubuni, husema watafanya nini, na pale isipojulikana kama jambo litafaulu, hurushwa dadu. Nesi wa zahanati ya jirani alikuwa mwizi. Alisema kazi hiyo inampumzisha. Bwana Hamna alichagua kuwa mchawi, na mapema tu akajaliwa kuokota fimbo ya moto.

Mchawi wa mchezo ule ana uchawi wake kichwani, lakini kichwa huchoka: akishatamka maneno yake machache ya siku, amekwisha mpaka alale. Fimbo ni akiba ya pembeni. Haimtii kila mwokota kuni. Mwenyewe lazima akae nayo faragha wazoeane, kama mtu na mkwe mpya. Ndani yake mna nguvu kumi. Moja hutoa ulimi wa moto, kadhaa zikiunganishwa husimamisha ukuta mzima. Kila alfajiri fimbo hujirudishia sehemu ya ilichotumia, kwa kadiri dadu itakavyopenda. Ila ina sharti: ukiitoa nguvu ya mwisho kabisa, unarusha dadu ya pande ishirini, na ikitoka moja, fimbo inageuka jivu.

Katika maelezo yote hayo Bwana Hamna alisikia sharti tu.

Mwaka mzima aliibeba. Wenzake waliumwa na mbwa mwitu, wakasombwa na mto, wakafungwa katika gereza la mfalme aliyewachukia bila sababu. Kila walipomgeukia mwenye fimbo, aliwajibu neno ambalo chuo kizima kinalijua.

Habari zilivujia ukutani. Muuza ndoo, jirani wa saluni, alimsikia akitangaza, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti ya stoo, kwamba yeye ni mchawi na fimbo yake imejaa. Hadi jioni maneno yalikuwa yamemfikia mkewe, yameongezewa bundi wawili. Mwanamke hakulia. Jumapili iliyofuata alichukua gauni alilokuwa akilipinda, akaenda, akavuta kiti. Alisema anataka amwone huyo mchawi akiroga, maana nyumbani hata mbu hawamwogopi. Kaka yake akampa shujaa mwenye upanga na ngao. Alianza kwa dharau. Chai haijapoa alikuwa ameshakata kichwa cha dubwana na anauliza la pili liko wapi.

Ni yeye pia aliyeuliza swali ambalo mwaka mzima hakuna aliyelifikiria: fimbo ikiwa imejaa, alfajiri inapata nini? Kaka yake akajibu kwamba haipati kitu, kumi ni kumi. Kwa hiyo nguvu inakuja kila asubuhi, inakuta mlango umefungwa, inarudi? Ndivyo.

Bwana Hamna aliweka kikombe chini. Ungemwambia nyumba yake inaungua usingemshtua vile. Mwaka mzima wa alfajiri! Kila siku mzigo ulifika langoni ukamwagwa, na aliyeumwaga ni yeye, kwa kutunza. Katika stoo hajapoteza hata msumari. Nesi, kwa upole wa kazi yake, alimweleza kwamba kilichomwagika kingetosha kuchoma nchi mbili na visiwa vyake. Wiki ile alikula kidogo.

Kisha akageuka, na kama walivyo waongofu wapya, alipita kiasi. Fimbo ikakoka jiko. Ikakausha soksi za mwizi. Ikamulika njia ya chooni. Katika nyumba moja ya wageni iliunguza ndevu za mbuzi aliyemtazama vibaya. Alipoonywa, alijibu kwa furaha kwamba inarudi alfajiri. Nayo ilirudi, ila alfajiri ni mpole, na mtu aliyegeuza fimbo kuwa kiberiti hajazwi na mpole.

Hivyo walifika darajani fimbo ikiwa na nguvu moja, jua la dunia ile linazama, alfajiri iko mbali.

Dubwana la mikono minne lilitoka chini ya daraja, likampiga shujaa, shujaa akaanguka. Kanuni ni kwamba aliyeanguka hukata roho polepole. Likimfikia tena, haamki, na mwenye shujaa anakunja gauni lake na kurudi nyumbani. Mwizi alikuwa ananing'inia darajani kwa mkono mmoja. Uchawi wa kichwani ulikuwa umekwisha, kwa kuwa asubuhi mchawi aliutumia kung'arisha viatu. Ilibaki ile nguvu moja, na nyuma yake ile dadu.

Bwana Hamna akaitazama karatasi yake. Akauliza kama dubwana lina hakika. Akauliza kama daraja halina mlinzi. Mkewe alikuwa anashona, hakuinua macho.

"Usijisumbue, mume wangu," alisema. "Itunze. Itakufaa msibani kwangu."

Kinyozi alianza kucheka, akaacha alipomwona dada yake. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya pindo. Mwanamke yule alikuwa anasubiri jibu, na si la daraja peke yake. Lilikuwa ni lile swali la zamani, lililokaa kabatini miaka yote pamoja na vikombe.

Nesi anaapa kwamba midomo ya Bwana Hamna ilikwisha kulitengeneza lile neno. Ila alilimeza, na lilishuka kwa shida, kama kidonge bila maji.

"Napiga," alisema. "Iliyobaki yote."

Ulimi wa moto ulilikumba dubwana likapinduka mtoni. Mwizi alipanda, akamfunga shujaa jeraha, shujaa akafumbua macho na kuuliza upanga wake uko wapi. Ikabaki dadu. Ilivingirika mezani, ikapita mashine ya kunyolea, ikagonga kopo la poda, ikatulia. Moja.

Kinyozi alishusha sauti, kama anayetoa pole. Fimbo ikawa nyeusi, ikapasuka, ikawa jivu. Wote walimtazama mwenye fimbo, nesi akiwa tayari na leso. Bwana Hamna aliuliza kama mchawi wake ana mfuko. Akaambiwa anao. Basi, akasema, anazoa jivu lote, na lile lililoingia kwenye nyufa za mbao pia.

"Jivu la nini tena, baba?" mkewe akamuuliza.

"Mama, wewe hujui kazi. Hupewi mpya bila kuleta ya zamani."

Wiki ile kikombe kimoja cha arusi kilitoka kabatini. Alikiosha mwenyewe, akabandua kibandiko, akamtilia mkewe chai, naye akanywea cha plastiki akikichunga kile kwa jicho.

Baada ya safari ndefu wachezaji walifika kwenye mnara wa wachawi, mahali fimbo zinakotengenezwa. Bwana Hamna alipanda ngazi zote na mfuko wake, akabisha dirishani, akamwaga jivu juu ya kaunta na kueleza shida yake kwa ufasaha. Kinyozi, ambaye katika maisha yake alikwishaomba balbu ya saluni mara nyingi pale chuoni, hakuwa na haraka. Alijiegemeza mezani. Alimtazama shemeji yake kwa huruma.

"Hamna," alisema.

Mkewe alicheka mpaka akajichoma sindano. Bwana Hamna hakucheka. Alilitazama lile dirisha la kubuni kwa heshima ya mtu wa kazi aliyekutana na mwenzake, akalizoa jivu lake taratibu, akauliza wanafungua siku gani.