Matokeo ya Kisiwani, Sabato ya Nyansiongo

Nilimwalika mwenzangu wa kazini aje nyumbani kwetu Nyansiongo ili asisubiri matokeo peke yake mjini Kisii. Ni muuguzi, tunafundisha chuo kimoja, na kwao ni kisiwa kidogo cha Pasifiki kinachotawaliwa na nchi nyingine. Watu wake walikuwa wamepiga kura kuamua kama watajitawala, na matokeo yangetangazwa Jumamosi. Baba yake, ambaye miguu haimbebi tena, alipelekwa kituo cha kura akiwa amebebwa juu ya kiti chake.

Mimi na usahaulifu wangu, sikukumbuka sheria ya mama. Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likitua, simu zote huingia kabatini na ufunguo hukaa kwa mama mpaka Jumamosi jua litue tena. Mgeni alitoa yake kwa adabu, akidhani ni kwa muda wa sala tu. Nilipomweleza aliitikia kwa kichwa. Nilijichukia hadi chakula kikanishinda.

Asubuhi nilimkuta sebuleni amevaa tayari kwa kanisa, macho kwenye saa ya ukutani. Mama akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, mgeni ana nini. Nikamwambia yote, nikijiandaa kwa mahubiri.

Hakuhubiri. Mama alizaliwa papa hapa, wakati shamba lote lilikuwa la mzungu na babu yangu akimkamia ng'ombe. Alikwenda kufungua kabati, akamletea mgeni simu yake.

"Siku ya uhuru mimi nilikuwa nashika ndoo ya maziwa," alimwambia kwa Kiswahili. "Hakuna mtu alituambia. Tulijua kesho yake. Wewe mwanangu, sikia leo."

Mgeni alisoma, akaanza kulia huku anacheka. Watu wake walikuwa wamekubali kujitawala. Akatueleza kwamba huo ni mwanzo tu, bado kuna miaka ya mazungumzo na wanaowatawala. Mama akauliza kama huko ndizi zinamea. Akajibiwa zinamea sana.

"Basi mtangoja mkiwa mmeshiba."

Nimekula chakula cha mama maisha yangu yote, lakini sijui kama nimewahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama mwenyewe kama asubuhi ile. Kanisani tulichelewa, kwa sababu mama alimwomba mgeni amsomee habari ile tena, polepole, tangu mwanzo.