Bei ya Siku ya Tatu

Albertine wa mtaa wa Alunguli alikuwa haingii mlango wa mtu mikono mitupu. Hata akienda kuomba moto kwa jirani, atabeba ndizi mbili. Wanawake wenzake walimcheka: "Wewe unataka kutununua?" Naye alicheka nao. Wangemcheka vipi kama wangejua alikoitoa desturi hiyo?

Alikuwa na miaka kumi na minne wakati wa vita, mwaka ule mji ulipozungukwa. Mashambani hakuendeki, treni haiji, chumvi inapimwa kwa kijiko. Ndipo jino lake la nyuma likaoza. Mama yake, Geneviève, aliuza kikwembe chake, kitenge cha harusi, wakaenda hospitali. Kule kila kitu kilikuwa na bei yake: glavu peke yake, sindano peke yake, pamba peke yake, hata mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Nao waganga walikuwa hawajaona mshahara miaka mingapi, wangekula nini? Jino lilitoka. Lakini waliporudi kuonyesha kidonda, mtu wa mlangoni alinyoosha mkono, na Geneviève hakuwa na cha kutia mle.

"Nenda kwanza utafute," mtu yule alisema, watu wote wakisikia. Na kuna aliyecheka, Mungu anamjua. Geneviève aliinamisha kichwa, akamshika binti yake mkono, wakarudi nyumbani kusukutua kwa chumvi ya kuazima. Kidonda kilipona chenyewe. Aibu ile Albertine aliibeba hadi utu uzima.

Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Albertine akawa muuzaji wa mafuta ya mawese, akaolewa na Onema, mwanaume wa maneno mengi aliyesukuma baiskeli yenye magunia ya muhogo kutoka Kailo. Mvua za mwaka jana, gego la Onema likaanza kumtesa. Hakulala, hakula, hata maneno yakamwishia.

Siku hizi kituo cha afya cha serikali ng'ambo ya mto kina kazi ya meno. Serikali na wafadhili wanabeba sehemu kubwa ya gharama, na mgonjwa anatoa sehemu yake: franga elfu kumi na tano, bei imeandikwa ukutani kwa Kifaransa. Albertine alizikusanya wiki mbili. Wakavuka kwa mtumbwi, akalipa dirishani kwa Josiane, binti wa kasha anayepokea malipo, naye akapiga muhuri kwenye kadi. Muganga wa meno, Isidore, akang'oa.

"Docteur," Onema akasema na pamba mdomoni, "nitaleta dhahabu ya migodi ya Kama, unitilie jino la kitajiri."

"Jino la pembe si dawa ya pengo, papa," Isidore akamjibu. "Wewe rudia siku ya tatu, niangalie kidonda. Usikose!"

Albertine alitikisa kichwa kukubali, na kumbe moyoni alikuwa anahesabu elfu kumi na tano nyingine. Kuuliza si ujinga, sote tunasema hivyo. Lakini nyuma yake kulikuwa na msururu wa watu, na kuuliza bei mbele ya watu ni kutangaza kwamba huna. Akaifunga kadi kwenye kitambaa, wakaondoka. Ee Albertine, neno moja tu lilikushinda!

Siku ya tatu alikuwa na elfu sita. Onema alivaa kofia yake.

"Twende tu, mama. Mwenda bure si mkaa bure."

"Twende na nini? Watufukuze? Mimi siwezi kusimamishwa tena mlangoni. Ngoja soko la Jumamosi."

Onema alimjua bibi yake. Akaitundika kofia, akakaa.

Siku ya tano taya lilikuwa gumu na la moto. Albertine alichemsha majani, akauza mafuta kwa hasara, akauza sufuria mbili. Siku ya saba uvimbe ukashuka shingoni. Asubuhi ya nane elfu kumi na tano zilitimia, akazifunga vizuri, wakashuka mtoni. Mle mtumbwini Onema alikuwa hawezi hata kumeza mate. Alimwegemea bibi yake bila kusema kitu, yeye aliyekuwa hanyamazi.

Isidore aliwaona mlangoni, akaja mbio. Wakamtundikia maji, wakamchoma sindano, wakapasua uvimbe kutoa usaha. Saa sita mchana Onema akakata roho.

"Kwa nini hamukurudia siku ya tatu?" Isidore aliuliza. Hakuwa na hasira, macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa natafuta franga."

"Franga za nini, mama?"

Albertine alikwenda dirishani kwa Josiane, akatoa kadi na zile franga. Josiane aligeuza kadi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akausoma kwa Kiswahili polepole.

"Mama, hapa wameandika: kung'oa, dawa, na kurudia kuangaliwa mara mbili. Yote iko ndani ya zile za kwanza. Mulishalipa."

"Tulishalipa?"

"Siku ile ile, mama."

Albertine akazisukuma noti zake dirishani.

"Kamata, mwanangu. Kamata tu. Mwambie docteur tumekuja, amwangalie kidonda."

Josiane alizirudisha. Albertine akazisukuma tena, na tena, mpaka yule binti akaacha dirisha wazi, akatoka nje kumshika.