Pubeli Iliyokuwa Ikila

Harufu inayonirudisha Bukavu haraka kuliko nyingine zote ni ya maganda ya viazi vitamu yaliyolowa mvua na kuanza kuchacha. Enzi za Zaïre, mimi na mama tulipanga chumba kimoja Kadutu, juu kwenye mteremko. Mwenye nyumba, Maman Sifa, alikaa chini yetu, hivi kwamba bati la paa lake lilikuwa usawa wa miguu yetu. Mama alimwaga uchafu wa jikoni kwenye magugu ya nyuma, kama majirani wote wa mteremko ule. Ulichomwaga hukukiona tena, basi ulihesabu kimekwisha. Kiangazi chote mambo yalikwenda vizuri. Kisha mvua ya kwanza ya Septemba ikanyesha, na maganda ya miezi mitatu, pamoja na vikonyo vya sombe, majani ya muhogo, na majivu, yakateremka kwa mkupuo hadi mlangoni kwa Maman Sifa, yakipitia kwenye sufuria yake ya maharage iliyokuwa motoni uani.

Alipanda kwetu akipumua kwa nguvu, ganda la ndizi mkononi, akalining'iniza mbele ya pua ya mama. "Maman Faida, kamata kitu yako. Siku ya salongo, kama hauna pubeli, utafuta fasi ingine ya kulala." Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kusafisha mtaa kila Jumamosi, na shefu wa avenyu, mkuu wa barabara yetu, alipita nyumba kwa nyumba akikagua. Tulikuwa Jumanne. Hatukuwa na ndugu mjini wa kutupokea, na mama alijua Maman Sifa hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Mama akaanza kutafuta pubeli, yaani chombo cha takataka. Kikapu kilivuja maji meusi hadi chini ya kitanda. Katoni ilibeba siku moja, kisha kitako chake kikalainika na kuachia kila kitu mlangoni. Pipa la mafuta lililokatwa nusu lingefaa, lakini lingekaa wapi katika chumba ambamo ukinyoosha mguu unagusa jiko? Alhamisi asubuhi akanituma mimi. "Tafuta kitu iko na kifuniko," alisema, "na usizunguke." Nikatoka bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka uliotangulia, na miguu yangu ilikuwa imezoea kwenda kuona kilichoko nyuma ya kona.

Sokoni nilipima ndoo na makopo kwa macho mpaka wauzaji wakanifukuza. Hapo ndipo nilipomwona mwanamke aliyekwisha kuuza viazi vyake akiokota maganda na majani yaliyokanyagwa, moja moja, akiyapangusa kwa kitenge chake kabla ya kuyatia guniani. Nikamwuliza ni ya nini. "Ni ya batoto bangu," alijibu. "Hawapende kungoja." Watoto gani wanakula maganda? Swali hilo lilinishinda nguvu. Nikajitolea kumbebea gunia, na tukatembea pamoja hadi kijijini kwake Mumosho, karibu na mto Ruzizi, nami nikisahau kabisa nilitumwa nini.

Maman Nabintu, ndilo jina lake, alinipa uji na mkeka, maana jua lilikuwa limeelemea magharibi na njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Nilipoingia jikoni mwake nilisikia miluzi myembamba kutoka chini ya uchaga wa kuni. Walikuwa simbilisi, ambao sisi mjini tuliwaita kobayi: wanene kama viazi, wasio na mkia, macho kama mbegu za papai. Alimenya viazi, na ganda halikufika sakafuni. Niliwatazama wakigombania vikonyo, wakila hata ganda la ndizi. Majivu aliyapeleka chooni, na mifupa aliwapa mbwa. Nilichungulia kila pembe kutafuta pubeli yake, sikuiona, na jiko lilinukia moshi tu. Asubuhi, kama ujira wa kubeba gunia, aliniwekea wawili kapuni, dume na jike.

Mama alinipokea Ijumaa akiwa ameinua mwiko. Alifunua kapu. "Nilikutuma pubeli, unaniletea vinywa vya kulisha?" Nikawamwagia maganda ya mchana. Akasimama akiangalia, mwiko ukiwa bado umeinuliwa kunichapa, na taratibu mkono ukashuka.

Jumamosi shefu alifika na Maman Sifa nyuma yake, mikono kifuani. "Sitwayene, pubeli yako iko wapi?" aliuliza, akimwita mama "raia" kama ilivyoamriwa enzi zile.

Mama alinitazama, kisha akanyoosha kidole pembeni. "Iko nakula, shefu."

Majirani waliochungulia mlangoni waliangua kicheko. "Ni panya!" akapiga kelele Maman Sifa. Shefu aliinama, akaokota ganda la ndizi, akalisogeza. Mluzi, meno, na ganda likaisha. Akazunguka nyuma kwenye magugu, ambayo mimi na mama tulikuwa tumeyafagia tangu alfajiri, na hakupata cha kuandika. Kilichobaki cha siku nzima kilienea katika kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko chake. Tulikuwa tukitafuta chombo kikubwa zaidi, kumbe kidogo kilitosha.

Jike alipozaa, tulilala tukisikia miluzi ya wengi. Siku moja Maman Sifa alipanda mteremko akipumua kwa nguvu kama zamani, bakuli la maganda kichwani. "Hawa bako na njaa?" aliuliza, akitazama pembeni. Uchafu uliokuwa ukishuka ulianza kupanda, na habari ya kuhama haikutajwa tena.

Nimehama mara nyingi tangu hapo, safari hizi kwa kupenda kwangu. Mitaro ya leo imejaa mifuko ya plastiki, na hiyo hakuna simbilisi wa kuila. Kopo langu la siku hizi ni kubwa kuliko la mama. Lakini juzi nilifika Luvungi nisikomjua mtu, nikabisha mlango wenye chumba cha kupanga. Mwenye nyumba alinikagua toka kichwani hadi miguuni. "Na uchafu wako, maman, utatupa wapi?" Nikaweka kapu chini, nikafunua, na miluzi ikaanza. Yule mama alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaingia ndani kuniletea ufunguo na maganda ya chakula chake cha mchana.